PostgreSQL inakatika mwisho wa mwezi: anzia kwenye work_mem

Pole sana, ndugu yangu wa Dodoma. Nimekuelewa: seva ya SACCOS yenu ina RAM ya GB 8, mpangilio wa work_mem mmeuweka MB 256, na mkivuta ripoti za mwisho wa mwezi PostgreSQL, programu ya kanzidata yenu, inawakata watumiaji wote kwa mpigo, kisha inarudi yenyewe.

Kwenye terminal ya seva, andika dmesg -T | grep -i "killed process" usome kumbukumbu za Linux. Ukiona postgres hapo, Linux ndiyo iliyoiua baada ya RAM kwisha. Mchakato mmoja ukiuawa hivyo, PostgreSQL huikata na mingine yote ili kulinda data ambayo michakato hiyo hutumia kwa pamoja. Miamala iliyokwisha kuthibitishwa haipotei.

Sasa tazama work_mem, yaani kikomo cha RAM ya kupangia data. Hapa ndipo wengi hunaswa. Hiyo MB 256 uliyoweka si ya seva nzima. Kila hatua ya kupanga data, ndani ya kila muunganisho, inaweza kuchukua kiasi hicho. Ripoti yenye hatua nne hufika GB 1. Wahasibu wanane wakibonyeza pamoja, RAM imekwisha. Irudishe MB 4, kisha iongeze kwa ripoti nzito pekee kwa amri ya SET. shared_buffers, yaani RAM ambayo michakato yote ya PostgreSQL hutumia kwa pamoja, iache GB 2.

Punguza max_connections (idadi ya juu ya miunganisho), au weka mbele PgBouncer, programu inayowagawia watumiaji wengi miunganisho michache. Ukitaka vm.overcommit_memory=2, mpangilio wa Linux unaozuia programu kuahidiwa RAM kupita kiasi, ijaribu kwanza kwenye mashine nyingine, maana programu jirani zinaweza kugoma kuwaka.

Tafadhali chukua nakala kwa pg_dump kabla ya kugusa chochote, na usitumie kill -9 (kuua mchakato kwa nguvu) kamwe. Ukikuta PANIC (hitilafu kubwa inayosimamisha kanzidata yote) kwenye logi, simama hapo hapo umwite mtaalamu wa kanzidata: hizo ni akiba za watu.