Python kwa hesabu za anga: inatosha, ila angalia saa, vipimo na aina ya namba

Aliyeanzisha uzi ameuliza: anajua Python kiasi, anataka kuanza na hesabu za mwezi mwandamo kisha ahamie kwenye picha za darubini za FITS (aina ya faili inayotumika kuhifadhi picha za anga). Je, aendelee na Python au akajifunze kwanza C++ au Fortran, maana ameambiwa Python ni nzito?

Jibu fupi: endelea. Python ni nzito ikihesabu namba moja moja kwenye lupu. Ukitumia NumPy, maktaba ya kuhesabu safu nzima za namba, kazi yenyewe inafanywa na C na Fortran zilizojificha chini, Python inabaki kuwa msimamizi tu. Programu zinazosafisha picha za darubini ya James Webb zimeandikwa kwa Python, kwa hiyo hilali ya Dar es Salaam haitaishinda. Kinachoangusha watu si kasi. Ni saa, vipimo, na aina ya namba, na ubaya wake programu haikatiki, inakupa jibu zuri kabisa ambalo ni la uongo.

Kusakinisha. Kwenye Ubuntu na Debian za sasa, ukiandika pip install moja kwa moja utapewa kosa la externally-managed-environment. Usilazimishe kwa sudo na --break-system-packages, utaharibu Python ambayo mfumo wenyewe unaitegemea. Tengeneza mazingira yako:

python3 -m venv ~/anga
source ~/anga/bin/activate
pip install skyfield astropy matplotlib

Kama bando ni la kubana, tafuta mahali penye Wi-Fi, andika pip download -d mzigo skyfield astropy matplotlib, kisha nyumbani pip install --no-index --find-links mzigo skyfield astropy matplotlib. Mashine zote mbili ziwe na mfumo mmoja na toleo moja la Python, la sivyo vifurushi vitakataa. Na usiipe faili yako jina skyfield.py wala numpy.py. Python itaisoma hiyo yako badala ya maktaba, na ujumbe wa kosa hautakuambia hivyo waziwazi.

Kwa mwezi na sayari napendekeza maktaba ya Skyfield kabla ya ile ya Astropy. Ni nyepesi, na data yake ni faili moja, de421.bsp, kama MB 17, inayotosha kuanzia 1900 hadi 2050. Ikishashuka mara moja huhitaji tena intaneti. Mfano wa jioni ya 29 Machi 2025, ile siku ambayo jua lilipatwa kwa sehemu:

from skyfield.api import load, wgs84
from skyfield import almanac

ts = load.timescale()
eph = load('de421.bsp')
dunia, jua, mwezi = eph['earth'], eph['sun'], eph['moon']
mtazamaji = dunia + wgs84.latlon(-6.82, 39.28)

t0 = ts.utc(2025, 3, 29, 12)
t1 = ts.utc(2025, 3, 29, 21)
tj, _ = almanac.find_settings(mtazamaji, jua, t0, t1)
tm, _ = almanac.find_settings(mtazamaji, mwezi, t0, t1)
print((tm[0] - tj[0]) * 1440)

kimo, azimuthi, umbali = mtazamaji.at(tj[0]).observe(mwezi).apparent().altaz()
print(kimo.degrees, azimuthi.degrees, umbali.km)

Mstari wa print wa kwanza unatoa dakika ambazo mwezi unabaki juu baada ya jua kuzama. Ukipata namba hasi, mwezi umetangulia kuzama. Ndiyo maana t0 imewekwa saa kadhaa kabla ya magharibi: ukiianzisha pale pale jua linapozama, na mwezi ulishatangulia, orodha ya tm itatoka tupu na programu itaanguka. Latitudo ya kusini ni hasi. Ukisahau hiyo alama ya kutoa, umeihamishia Dar es Salaam nyuzi 13 na ushei kaskazini, huko Ethiopia, na majibu bado yatafanana na ya kweli.

Sasa saa, na hapa sisi tuna mtego wa ziada. Mtu anaandika kwenye daftari "saa 12:30 jioni". Kwa saa za kompyuta hiyo ni 18:30 Afrika Mashariki, na kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, ni 15:30. Skyfield inataka UTC. Ukiingiza 12:30 kama ilivyo umekosea saa 3. Ukiingiza 18:30 umekosea saa 3 upande wa pili. Usiku wa manane ndiyo balaa: saa 7 usiku wa kuamkia tarehe 30 ni saa 01:00 ya tarehe 30 hapa, lakini kwa UTC ni 22:00 ya tarehe 29. Kuna pia anayehesabu kwamba siku ya Kiislamu imeanza magharibi. Andika kila kitu kwa UTC tangu kwenye daftari, kisha geuza wakati wa kumwonyesha mtu:

from zoneinfo import ZoneInfo
print(tj[0].astimezone(ZoneInfo('Africa/Dar_es_Salaam')))

Kwenye Windows itabidi usakinishe na kifurushi cha tzdata.

Ukiona t.tt ya wakati wowote wa Skyfield inatofautiana na UTC kwa sekunde 69.184, usidhani ni kosa. Tangu Januari 2017 saa za atomu, yaani TAI, zimeitangulia UTC kwa sekunde 37, na TT, saa inayotumika kwenye hesabu za anga, iko mbele ya TAI kwa sekunde 32.184. Mwezi unakokotolewa kwa saa isiyorukaruka, UTC ni ya binadamu.

Na tarehe ya Julius, yaani hesabu ya siku mfululizo inayotumika kwenye anga, usiihifadhi kamwe kwenye float32, namba ya desimali ya biti 32. Saa 15:30 UTC ya siku hiyo ni 2460764.146. Kwa ukubwa huo float32 inaruka hatua za 0.25, kwa hiyo itaandikwa 2460764.25, yaani saa 18:00 UTC. Saa mbili na nusu zimepotea na hakuna onyo lililotokea. Float64 inaruka kama mikrosekunde 40, hiyo inatosha kwa hilali na kwa kazi nyingi nyingine.

Turudi kwenye mwezi wenyewe. Mwezi ulizaliwa saa 10:58 UTC siku hiyo, jua la Dar likazama karibu 15:30 UTC, kwa hiyo hilali ilikuwa na umri wa kama saa nne na nusu. Umbali wa pembe kati yake na jua haukufika nyuzi 4, wakati kikomo cha hilali kuonekana alichokipendekeza mwanaanga Mfaransa Danjon ni nyuzi 7 hivi. Umri peke yake ni kipimo kibovu, kwa sababu mwezi ukiwa karibu na Dunia unakimbia zaidi kuliko ukiwa mbali, na hilali mbili za umri mmoja zinaweza kutofautiana sana. Tazama pembe.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika hesabu hizi ni paralaksi. Mwezi uko karibu, kwa hiyo anayeutazama kutoka juu ya ardhi anauona chini zaidi kuliko ambaye angekuwa katikati ya Dunia. Karibu na upeo wa macho tofauti ni dakika za tao 54 hadi 61, yaani takriban uzi mzima. Kwa latitudo zetu uzi mmoja ni kama dakika 4 za kuzama. Mtu akikuonyesha jedwali lake ambalo mwezi unachelewa dakika 4 zaidi ya lako, muulize kama amehesabu kutoka katikati ya Dunia. Katika kodi ya juu, mtazamaji.at ndiyo inayoondoa tatizo hilo, na dunia.at ndiyo inayolileta.

Lakini kuna mahali katikati ya Dunia panatakiwa. Kanuni ya Yallop ya 1997, ambayo wengi huitumia kukadiria kama hilali itaonekana, ni hii:

q = (ARCV - (11.8371 - 6.3226*W + 0.7319*W**2 - 0.1018*W**3)) / 10

ARCV ni tofauti ya kimo kati ya mwezi na jua kwa nyuzi, na hiyo inahesabiwa kutoka katikati ya Dunia. W ni upana wa hilali kwa dakika za tao, na huo ni wa mtazamaji. Kimo ulichopata juu ni cha mtazamaji, hivyo rudisha paralaksi: ongeza HP mara kosaini ya kimo, ambapo HP, paralaksi ya mwezi ukiwa kwenye upeo wa macho, ni asin ya 6378.14 gawanya kwa umbali wa mwezi kutoka katikati ya Dunia kwa kilomita. Paralaksi ya jua haifiki sekunde 9 za tao, iache. Muda wa kupima nao si wakati jua linazama. Ni jua kuzama, kisha uongeze nne ya tisa ya muda ambao mwezi unabaki juu.

Upana ni W = SD*(1 - cos(ARCL)), SD ikiwa nusu kipenyo cha mwezi na ARCL pembe kati ya jua na mwezi. Chukua SD ya 15.5, ARCL ya nyuzi 10 na ARCV ya 9.5. Sawasawa, W ni 0.235 na q ni -0.089, daraja C: huenda ukahitaji kuitafuta kwanza kwa darubini ndipo uione kwa macho. Ukiandika np.cos(10) badala ya np.cos(np.radians(10)), NumPy inaichukua 10 kama radiani, W inaruka hadi 28.5 na q inakuwa 194. Hapo angalau unashtuka. Kwa pembe nyingine kosa lilelile linaweza kutoa namba inayoingia akilini, na hutashtuka. Weka kipimo kwenye jina la kigezo, pembe_nyuzi au pembe_rad, utajishukuru.

q ikiwa juu ya 0.216 hilali inaonekana kwa urahisi, na chini ya -0.232 hata darubini ya kawaida haikusaidii. Kanuni haijui kama magharibi kuna wingu, na kutangaza mwezi ni kazi ya wenye kazi yao, si ya laptopu.

Kuhusu kasi: ukitaka kuchora ramani ya dunia nzima kwa hatua za nyuzi 2 una maeneo kama 16,000. Usitengeneze wakati mpya kwa kila eneo. Hesabu za kuyumba kwa mhimili wa Dunia hufanywa mara moja kwa kila t na kuhifadhiwa ndani yake, hivyo t moja itumike kwa maeneo yote inapowezekana. Na ukitaka kila dakika ya jioni, andika ts.utc(2025, 3, 29, 15, range(60)), upate safu nzima kwa pigo moja badala ya lupu ya mara 60.

Ukihamia Astropy ukiwa huna mtandao, inaweza kusimama ikijaribu kupakua jedwali la mzunguko wa Dunia. Weka iers.conf.auto_download = False, ukishaleta iers kutoka astropy.utils. Unachopoteza ni chini ya sekunde 0.9 ya mzunguko, yaani chini ya sekunde 14 za tao. Kwa hilali si kitu.

Picha za FITS nitazigusia tu, maana ni mada ya uzi mwingine. Kamera nyingi huhifadhi namba nzima za biti 16 zisizo na hasi. Ukitoa picha ya giza (iliyopigwa kamera ikiwa imefunikwa) kwenye picha ya nyota bila kubadili aina, pikseli ya 1000 ikitolewa 1003 haikupi -3, inakupa 65533, na anga lako linajaa nyota za bandia. Anza kila mara na data.astype(np.float32). Hilo pia linamaliza ugomvi wa mpangilio wa baiti, kwa sababu FITS huandika baiti kubwa kwanza na pandas inazikataa. NumPy inasoma [y, x] kuanzia 0, FITS inahesabu x, y kuanzia 1, kwa hiyo nyota iliyoandikwa 812, 340 kwenye programu ya kutazama picha iko data[339, 811]. DATE-OBS, wakati ulioandikwa kwenye kichwa cha faili, kwa kawaida ni mwanzo wa picha, si katikati: ongeza nusu ya EXPTIME, muda wa kupiga picha, kabla ya kuchora mwanga wa nyota dhidi ya muda.

Mwisho ni kumbukumbu. Picha 50 za 4096 kwa 4096 kwenye float64 ni GB 6.7, na np.median hutengeneza nakala yake juu ya hizo. Laptopu ya RAM ya GB 8 itaganda. Ukijaribu memmap, yaani kusoma faili kutoka diski bila kuijaza RAM, kwenye faili zenye BZERO (namba ya kuongeza kwa kila pikseli), na za biti 16 zisizo na hasi zote zinayo, Astropy itakataa. Tumia hdul[0].section[0:256, :], hdul ikiwa faili uliyoifungua, usome ukanda wa mistari 256 kwa kila picha, ukokotoe wastani wa kati, uuandike, uende ukanda unaofuata. Kwa float32 kila ukanda wa picha zote 50 unakula kama MB 210, na kanda ni 16 tu.