Fremu ukutani kwangu, na mchoro uliosahau duka

Swali la wiki liliuliza kama wenye nyumba waliogeuza kuta za makazi yao kuwa fremu za maduka wabomolewe, au halmashauri zifumbe macho. Najibu nikiwa mkazi wa Dodoma, na kwa kuwa haifai kuficha, naanza kwa kukiri kwamba nami nina fremu mbili ukutani, katika kiwanja ambacho hati yake inasema makazi pekee.

Mji huu haukukosa mchoro wa mipango miji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, mpango kabambe wa kwanza ukatoka mwaka 1976, na kwa zaidi ya miaka 40 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tuliyoizoea kwa jina la CDA, ndiyo iliyopima na kugawa ardhi, mpaka ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa halmashauri. Wakati huohuo Serikali ilikuwa ikihamia kweli, na watu waliohesabiwa kuwa takribani 411,000 katika sensa ya 2012 wakawa zaidi ya 765,000 katika ile ya 2022. Viwanja vikapimwa kwa maelfu, vikauzwa, vikajengwa. Kwenye mchoro wa mtaa wetu kipo kiwanja cha soko, nimekiona kwa macho yangu. Kwenye ardhi ni kichaka ambamo mbuzi hulishwa. Kati ya kichaka hicho na mahitaji ya jioni ya familia mia kadhaa ndipo fremu zilipoota, maana anayeishi pembezoni hawezi kupanda bodaboda hadi sokoni katikati ya mji kila anapoishiwa chumvi.

Isitoshe, kuchanganya makazi na biashara si uhuni tulioanza jana. Nyumba ya Kiswahili ya mitaa ya zamani, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na baraza mbele, imekuwa duka na makazi tangu babu zetu: mama huuza vitumbua barazani asubuhi, fundi cherehani hukaa palepale mchana, na usiku mlango hufungwa watu wakalala. Wapangaji wa miji waliotenga rangi ya makazi na rangi ya biashara kwenye ramani, kana kwamba ni mafuta na maji, ndio walioiacha desturi inayofanya kazi.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka kila mtu ajifanyie atakavyo. Dodoma ni nchi kame ambayo mvua yake karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili, tena kwa kishindo, na maji hayo hutegemea mitaro ya barabarani. Kila mwenye fremu hujenga daraja la zege juu ya mtaro ili mteja avuke. Ukiyapanga madaraja 20 ya namna hiyo, kila moja na kimo chake, taka hukwama na maji huingia vyumbani kwa watu wasio na fremu wala faida. Shimo la choo lililochimbwa kwa ajili ya familia moja huanza kuhudumia wateja wa mgahawa. Na baa inayopiga muziki hadi alfajiri ukutani kwa mgonjwa haiwezi kuhesabiwa sawa na duka la daftari.

Kwa hiyo ningependa halmashauri ipime madhara badala ya kutazama neno lililoandikwa kwenye hati. Viwanja vinavyotazama barabara zinazokusanya magari kutoka njia ndogo za mtaa vitolewe tangu mwanzo kwa matumizi ya makazi na biashara, duka chini na familia juu au nyuma, na pango la ardhi likadiriwe hivyo. Gereji, uchomeleaji, mbao na baa vipewe eneo lake, tena eneo lenye umeme na maji, kwani fundi hawezi kuhamia porini. Kwa waliokwisha kujenga, kibali cha kubadili matumizi kishughulikiwe kwa muda unaojulikana na kwa gharama inayolipika. Mimi niliwahi kuulizia katika ofisi moja, nikarudishwa mara tatu, nikaona ni rahisi zaidi kumwita fundi matofali. Ubomoaji ubakie kwa waliovamia hifadhi ya barabara, mikondo ya maji na maeneo ya wazi, na hapo asisamehewe mtu, awe na cheo au asiwe nacho.

Fremu yangu moja ilikuwa ya kijana wa kuchomelea. Nilimwomba ahame mwezi uliopita, baada ya jirani kuja kwa upole kunieleza kwamba kichanga chake hakilali mchana. Ile ya pili ina duka la unga na sabuni, nayo nitaiombea kibali hata kama ni kwa safari ya nne. Daraja la zege lililo mbele yake nitalivunja mwenyewe kabla ya Desemba.