Mdogo wangu ni "wakili msomi", mimi ni "dada wa hesabu"

Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 29, ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Moshi, na nimebakiza masomo mawili tu nipate CPA, yaani cheti cha juu cha uhasibu. Mwezi uliopita tulikuwa na sherehe ya kipaimara ya binamu yetu huko Kibosho. Mshereheshaji alimtambulisha mdogo wangu kuwa "wakili msomi", vigelegele vikapigwa, akahamishiwa meza ya mbele pamoja na baba na katekista. Mimi nikatajwa kuwa "dada yetu anayeshughulika na mambo ya hesabu", nikabaki upande wa jikoni. Usiku baba aliniita tukahesabu michango ya sherehe hadi saa saba, nikalala. Nimekwisha kuchukua fomu za kusoma sheria Chuo Kikuu Huria na ninataka kuachana na mitihani ya bodi ya wahasibu. Je, ninakosea?
Asiyesikika, Moshi

Marahaba, mwanangu. Ya mchana umenieleza kwa kirefu, hata rangi ya kitambaa cha meza ya mbele umeitaja mahali ambapo mhariri amepafupisha, lakini ya usiku umeyamaliza kwa sentensi moja. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu, na nitairudia baadaye.

Kwanza nikubaliane nawe katika jambo ambalo wengine wangekuficha ili kukufariji: katika miji yetu hii miwili, Moshi na Arusha, mwanasheria anaheshimiwa mbele za watu kuliko mhasibu, na hukuota. Heshima hiyo ina historia yake. Chuo kikuu kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1961, kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria, kwa hiyo kwa kizazi cha babu zako kijana wa chuo kikuu na kijana wa sheria walikuwa karibu mtu yule yule. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ilikuja kwa sheria ya mwaka 1972, wakati mawakili walikwisha kuzoeleka wakiitana "msomi mwenzangu" mahakamani, desturi waliyoirithi kwa Waingereza, na neno hilo likatoka mahakamani likaingia kwenye vipaza sauti vya harusi. Kisha sisi wa Arusha tukaongezewa kitu ambacho miji mingine haikukipata: kwa miaka ishirini hivi, hadi mwishoni mwa 2015, Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya Rwanda ilikuwa hapa mjini, na leo tunayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pamoja na Mahakama ya Afrika Mashariki. Mtoto aliyekulia hapa amewaona watu wa majoho wakishuka kwenye magari mazuri. Mkaguzi wa hesabu hajamwona akishuka popote, kwa sababu mkaguzi huingia ofisini saa mbili asubuhi akiwa na kikokotoo na hutoka jioni akiwa na maswali.

Kazi ya wakili hufanyika hadharani, ikiwa na joho, na lugha ambayo wasikilizaji hawaielewi vizuri, na sisi binadamu humheshimu sana mtu anayesema tusichokielewa. Kazi ya mhasibu ikifanyika vizuri haionekani kabisa. Ikiharibika ndipo jina lake linapotajwa, na hapo hutajwa pamoja na neno "upotevu". Kila mwaka mwezi Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inapowasilishwa bungeni, nchi nzima huzungumza habari za hati safi na hati chafu kana kwamba wote tumesomea uhasibu, na wiki mbili baadaye tunawasahau tena wahasibu wote isipokuwa wale waliosimamishwa kazi. Nadhani ndiyo maana siku hizi wenzako wameanza kuweka "CPA" mbele ya majina yao kama vile "Daktari" au "Mhandisi", jambo ambalo hunichekesha kidogo, ingawa siwalaumu.

Lakini unachokitaka ni sheria, au ni utambulisho? Nakuuliza kwa sababu barua yako ina kurasa mbili na hakuna mahali unaposema kwamba unapenda kusoma hukumu, au kubishana kwa hoja, au kumtetea mtu aliyenyang'anywa kihamba chake, shamba la ukoo. Umetaja vigelegele mara nne. Njia ya kuvifikia vigelegele hivyo ni ndefu kuliko fomu ulizochukua zinavyoonyesha. Baada ya miaka ya shahada, ambayo wewe utaisoma jioni baada ya kufunga vitabu vya ofisi, kuna Shule ya Sheria kule Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na bila kupita huko shahada peke yake haikufanyi kuwa wakili wa Mahakama Kuu. Utakumbuka kelele za mwaka 2022, pale ilipotangazwa kwamba kati ya wanafunzi 633 wa mkupuo mmoja waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, hata serikali ikaunda kamati kuchunguza. Siyataji haya ili kukutisha, maana mtu mwenye hamu ya kweli huvuka. Nayataja kwa sababu mtu anayesukumwa na uchungu wa sherehe moja huchoka mapema. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mbacha wako umebakiza masomo mawili.

Nenda pia ukaone jinsi mawakili wengi wachanga wanavyoishi. Ukipita karibu na mahakama yoyote ya mjini utawakuta katika vyumba vidogo vyenye meza moja, wakisubiri mtu anayetaka hati ya kiapo igongwe muhuri ili walipwe hela ya kununua chakula cha mchana. Mdogo wako anaitwa msomi kwa haki, lakini muulize mkiwa wawili tu kwamba kodi ya ofisi huilipa kwa wakati gani.

Sasa turudi kwenye usiku ule. Mimi niliolewa na karani wa chama cha msingi cha kahawa, sasa ni marehemu, na kwa miaka mingi nilimwona akiwa mezani kwa mwanga wa chemli na daftari lililopigwa mistari kwa wino mwekundu, akilinganisha kilo za mizani na stakabadhi za wakulima, stakabadhi moja baada ya nyingine. Katika mikutano hakuna aliyempigia makofi. Lakini malipo ya pili yalipochelewa na watu wakaja juu, hawakumtaka mwenyekiti, walilitaka daftari lile, na walipoonyeshwa majina yao na kilo zao walirudi nyumbani. Moshi imejengwa na madaftari ya namna hiyo: KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, imekuwapo tangu 1933, na chuo cha ushirika kilichofunguliwa mwaka 1963 na ambacho leo ni chuo kikuu kilianza kwa kufundisha watu kutunza vitabu vya wenzao bila kuwaibia.

Baba yako alikuwa na wakili nyumbani usiku ule, tena aliyetoka kumketisha ubavuni pake. Fedha za ukoo mzima zilipokuwa kitandani alikuita wewe. Simtetei, kwa sababu alipaswa kukuketisha mbele mchana vilevile, na ninakushauri umwambie hivyo kwa adabu, mkiwa peke yenu, kabla ya Krismasi ambapo ukoo wote utarudi nyumbani na yule mshereheshaji huenda akashika tena kipaza sauti. Mwambie: "Baba, nikitambulishwa naomba itajwe kazi yangu kwa jina lake." Ni ombi dogo, na wazazi wengi wa kwetu hawafanyi dharau kwa makusudi, wanarudia tu maneno waliyoyasikia kwa wengine.

Fomu ziweke kabatini. Fanya masomo yako mawili Novemba hii. Wakati huo huo omba ruhusa ya siku tatu ofisini, uende mahakamani, ukae nyuma usikilize mashauri, maana husikilizwa hadharani na hakuna atakayekuuliza umefuata nini. Utasikia kesi zikiahirishwa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kama siku ya tatu utatamani kurudi siku ya nne, basi kasome sheria ukiwa na CPA mkononi, na hapo utakuwa mtu wa kutafutwa katika mashauri ya kodi na ya makampuni, ambako wakili asiyejua kusoma mizania humtegemea mtu mwingine. Matokeo yakitoka niandikie tena, na safari hii unieleze kwa kirefu uliyoyaona mahakamani.