Jibu: rangi ya chini ya boti ya faiba inabanduka

Kaka, umesema ulipaka mwaka jana hapo Bukavu na sasa rangi inatoka vipande vipande, faiba inaonekana. Mimi sidhani rangi ni mbaya. Shida iko chini yake: faiba ina nta iliyobaki kutoka kiwandani, na rangi haishiki juu ya nta.

Kwa hiyo ondoa yote iliyolegea, osha kwa sabuni, kisha pangusa kwa asetoni ukibadilisha vitambaa mara kwa mara. Mwagia maji: yakijikusanya matone, nta bado ipo. Yakitandaa, endelea. Usianze na msasa, maana utaisukumia nta ndani ya mikwaruzo. Nta ikiisha, piga msasa namba 80 mpaka mng'ao upotee, paka praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kushikilia), halafu rangi ya kuzuia mwani kwa kufuata saa zilizoandikwa kwenye kopo. Kazi hii ifanye kiangazi, Juni hadi Agosti. Faiba yenye unyevu haipakwi.

Rangi ya zamani iliyobaki, nta ikishaisha, piga msasa ikiwa imelowa, na uvae maski. Vumbi lake ni sumu, tandika turubai lisiingie Ziwa Kivu, watu wanachota humo.

Rangi ya kuzuia mwani yenye madini ya shaba usiipake kwenye mguu wa mota (sehemu ya injini inayoingia majini), aluminiamu italika.

Ukikuta malengelenge, toboa moja, miwani machoni. Maji yakinuka kama siki, usipake kitu. Mwite fundi wa faiba kwanza.