Swali la lugha: Minyoo “inategemea” bakteria au “wanategemeana na” bakteria?

Swali: Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Rungwe. Tunaandaa kipeperushi kuhusu ugonjwa wa usubi (onkosekiasisi, au upofu wa mtoni). Niliandika: “Minyoo inategemea bakteria iliyo ndani yake.” Mwenzangu kakata, kaandika: “Minyoo wanategemeana na bakteria waliomo ndani yao.” Nani kapatia?

Jibu: Kapatia mwenzako, ila sentensi yake ina kasoro mbili, moja mwanzoni na nyingine mwishoni.

Upatanisho kwanza, maana hauna ubishi mwingi. Neno “mnyoo” lina umbo la “mti”, lakini ni kiumbe chenye uhai, hivyo hufuata a-/wa- kama kiboko na kifaru: mnyoo huyu anazaa, minyoo hawa wanazaa. “Minyoo hii” utaisikia kuanzia Mbalizi hadi Mafinga na hakuna asiyeelewa. Kwenye maandishi, andika “hawa”. Bakteria vilevile: bakteria mmoja, bakteria wengi. Hiyo ma- ya “mabakteria” haina kazi.

Penye uzito ni -ana, mwisho wa kitenzi unaoonyesha kutendana. Mnyoo wa usubi anamtegemea inzi mweusi, yule anayezaliana kwenye maji yaendayo kasi kama ya mto Kiwira, ili avuke kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Inzi hapati faida yoyote kwa mnyoo, kwa hiyo hapo “anamtegemea” inatosha, na “wanategemeana” ingekuwa uongo. Kwa bakteria mambo ni tofauti. Jina lao la kisayansi ni Wolbachia. Hukaa katika seli zilizo chini ya ngozi ya mnyoo na katika ovari za jike, na mama huwarithisha wanawe kupitia mayai. Mwaka 2005 ilitolewa jenomu (orodha nzima ya jeni) ya Wolbachia wa mnyoo mmoja wa matende, Brugia malayi. Ilionyesha kuwa bakteria hao wana nyenzo za kutengeneza hemu (kiini chenye madini ya chuma) na riboflavini (vitamini B2), vitu ambavyo mnyoo hawezi kujitengenezea. Wao nao hawawezi kujitengenezea amino asidi (vijenzi vya protini) nyingi, na wanazipata kwa mnyoo. Kila upande unamlisha mwenzake, kwa hiyo -ana imekaa mahali pake. Angalia tu kwamba inadai “na”: “minyoo wanategemeana” peke yake maana yake ni mnyoo kwa mnyoo mwenzake, na “wanategemeana bakteria” si Kiswahili.

Kwa sababu hiyohiyo, msije mkawaita bakteria hao “vimelea” mahali pengine kwenye kipeperushi. Watu wa afya ni wepesi kuita kila kidudu kimelea, lakini kimelea hula bila kulipa. Mnyoo ni kimelea kwa binadamu. Wolbachia kwa mnyoo siye. “Bakteria wenza” inatosha. (Ndani ya baadhi ya wadudu Wolbachia ana tabia mbaya, hata kuua watoto wa kiume, lakini hayo si ya kipeperushi chenu.)

Sasa kasoro ya mwanzo. “Minyoo” ni pana mno. Mchango na safura hawana Wolbachia, na mzazi wa Tukuyu akisoma “minyoo” atawaza zile albendazo wanazomeza watoto shuleni. Andika “minyoo wa usubi”. Minyoo wa matende na mabusha nao wanao bakteria hawa, mkitaka kuwataja. “Minyoo ya usubi” imezoeleka na sigombani nayo, mradi kitenzi kisigeuke katikati ya sentensi.

Ya mwisho ni “ndani yao”. Ya nani? Minyoo na bakteria wote ni a-/wa-, wote wengi, na “yao” inaweza kumwangukia yeyote. Tumia umoja kwa mnyoo, na ukungu unaondoka: “waliomo mwilini mwake”. Ni “mwilini mwake”, si “mwilini yake”. “Waliomo” ya mwenzako iache kama ilivyo, -mo ni ya ndani hasa.

Najua kipeperushi kitafika kwenye dawa, na huko kitenzi kikikosewa mgonjwa anaumia. Ivamektini ya kingatiba (dawa inayogawiwa kwa jamii nzima) huua minyoo wachanga waliotapakaa ngozini. Mnyoo mkubwa hubaki kwenye kinundu chake, na jike anaweza kuishi miaka 10 hadi 15. Ndiyo maana dawa hurudiwa. Doksisaiklini njia yake ni nyingine: huua bakteria, jike huwa tasa, kisha hufa taratibu, hata baada ya mwaka na nusu au miwili. Mkiandika “doksisaiklini inaua minyoo”, mgonjwa atatarajia nafuu wiki ijayo, asipoiona aache dozi katikati. Dozi yenyewe ni miligramu 100 hadi 200 kila siku kwa wiki 4 hadi 6, wala haitolewi kwa wajawazito wala watoto wa chini ya miaka 8. Kwa hiyo andikeni “huandikiwa na mtabibu”, msiichanganye na “hugawiwa” ya kingatiba.

Ningeandika hivi: “Mnyoo wa usubi na bakteria waliomo mwilini mwake hutegemeana. Bakteria wakiuawa kwa dawa, mnyoo jike huacha kuzaa, na baadaye hufa.” Hiyo “baadaye” msiifute hata nafasi ikibana.