Divai nyeupe ya kuchanganya: mambo ya kujua kabla hujafika mezani

Wadogo zangu mnaoanza kuhudumu mezani hapa Lubumbashi, kuna swali litawakuta mapema: "Hii divai nyeupe ni ya zabibu gani?" Utageuza chupa, utasoma majina mawili, Sauvignon na Sémillon, kisha utakosa la kuongeza. Mimi nilikosa la kuongeza kwa miezi mingi. Lakini kila zabibu ndani ya chupa hiyo ina kazi yake, na ukiijua, unajua pia chakula cha kumpendekezea mteja.

Mchanganyiko huo kwao ni Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Sauvignon blanc ndiyo inayoleta uchachu na harufu ya ndimu, majani mabichi, mara nyingine marakuja. Sémillon haikimbilii puani. Uzito wake unausikia mdomoni, laini, na ikikaa miaka kwenye chupa huanza kunukia asali na nta. Muscadelle hutiwa kidogo tu, kwa ajili ya harufu ya maua. Sauvignon peke yake inaweza kuwa kali, na Sémillon iliyoiva kwenye jua sana inaweza kupooza. Zikikaa pamoja, kila moja inaziba pengo la mwenzake.

Chupa za Afrika Kusini hutufikia kwa lori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kule Cape, ambako divai ya kwanza ilikamuliwa mwaka 1659, mchanganyiko mara nyingi hujengwa juu ya Chenin blanc, yenye ladha ya tufaha na peya. Wenyewe waliiita Steen, hadi miaka ya 1960 ilipothibitishwa kwamba ni Chenin ileile ya bonde la Loire, Ufaransa. Jueni pia kwamba sheria yao inaruhusu chupa kuandikwa jina la zabibu moja ikiwa na asilimia 85 ya zabibu hiyo. Kwa hiyo hata hiyo "ya aina moja" yaweza kuwa imechanganywa.

Safari ya lori ni ndefu na jua halina huruma. Kabla ya kupeleka chupa, tazama kizibo: kikiwa kimesukumwa juu, divai ilipata joto. Ikimiminika rangi ya kahawia na kunukia tufaha lililopondeka, irudishe.

Sasa baridi, na hapa ndipo nilipokosea vibaya. Oktoba moja, joto limepanda, niliiacha Bordeaux nyeupe iliyokomazwa kwenye mapipa ya mti wa mwaloni kwenye frigo ya kugandishia ili mteja aburudike. Papa mmoja aliionja, akaizungusha kwenye glasi, akanusa tena. "Mwanangu, mbona hainuki kitu?" Aliifunika glasi kwa viganja, tukasubiri. Baada ya dakika chache nta na asali vikatoka. Tangu siku ile, divai nyepesi naipeleka kwenye nyuzi 8 hadi 10, ile ya mwaloni 10 hadi 12. Ndoo iwe na maji na barafu pamoja. Barafu tupu haiikumbatii chupa.

Kwenye chakula, anza na chumvi na mafuta. Ndakala waliokaangwa wakakauka, na ndimu pembeni: mpe mteja yenye Sauvignon nyingi, uchachu wake unasafisha mafuta kinywani. Tilapia wa kuchoma vilevile. Kuku wa mchuzi wa karanga, au sombe iliyotiwa karanga, vinataka uzito wa Sémillon au Chenin iliyopita kwenye mwaloni. Nyepesi itamezwa na mchuzi. Bukari haina ubishi, angalia kitoweo. Pilipili ikiwa nyingi, epuka chupa yenye asilimia 14 za pombe, maana pombe huzidisha moto ulimini.

Na kabla ya kusifia chochote, uliza kama mteja anataka yenye sukari. "Sec" ni kavu, "moelleux" ni tamu. Kwa majina ya maeneo ya Bordeaux, Entre-Deux-Mers nyeupe ni kavu. Graves Supérieures ni tamu, na wengi hujikwaa hapo kwa sababu Graves nyeupe ya kawaida ni kavu.

Usiku mkifunga, omba mkubwa wako mabaki ya chupa mbili tofauti. Onja kila moja na kipande cha ndakala, kisha na sombe, uandike kwenye daftari ulichosikia kwa maneno yako mwenyewe. Kesho mezani, tumia maneno hayohayo.