Roli linalong'aa lakini halizibiki

Swali: Ninakaanga na kufungasha kahawa hapa Vwawa, Mbozi. Nilinunua roli la plastiki inayong'aa kama fedha, nikaambiwa ni poliesta halisi, lakini mashine yangu ya kuzibia mifuko haiishikishi hata nikipandisha joto. Je, nimeuziwa kitu kibovu? Na kama haifai kwa kahawa, inafaa kwa kazi gani?

Jibu: Yaelekea hukuuziwa kitu kibovu, ila umeuziwa tabaka moja pale ulipohitaji angalau mawili. Filamu ya poliesta hutokana na plastiki ileile ya chupa za maji, ambayo huvutwa kwa urefu na kwa upana ingali na joto, na mvuto huo ndio unaoipa nguvu yake. Huyeyuka kwenye nyuzi 250 hadi 260 za Selsiasi, na kabla ya kufika huko husinyaa. Kwa hiyo mashine yako huikunja bila kuiunganisha. Katika mifuko ya kahawa, poliesta hukaa nje, ikibeba maandishi na kustahimili taya za moto, na ndani huwekwa polietilini, ambayo hulainika kwenye nyuzi 110 hivi na kushikana. Agiza roli ambalo tabaka hizo zimeshagandanishwa kiwandani, na mifuko iwe na vali, yaani kitundu kinachotoa hewa nje bila kuingiza ya nje, kwa kuwa kahawa iliyotoka kukaangwa hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi kwa siku kadhaa.

Mng'ao ni mvuke wa alumini uliogandishwa juu ya filamu ndani ya chumba kisicho na hewa, unene wake ukiwa chini ya sehemu ya kumi ya mikroni moja (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukiliweka roli lako mbele ya taa, utaona mwanga hafifu ukipenya, jambo lisilotokea kwa foili halisi, yaani karatasi ya alumini tupu. Hata hivyo, utando huo hupunguza sana oksijeni na unyevu unaopita.

Kuhusu kazi nyingine, filamu hii imetumika katika kanda za kaseti, kapasita za redio na ramani za wapima ardhi, ambao huipenda kwa sababu haitanuki wala kusinyaa ovyo kama karatasi msimu wa mvua. Mafundi wanaosuka mota pale Mbeya mjini huitandika kwenye matundu ya chuma cha mota kabla ya kuingiza waya, ili umeme usivuke kwenda kwenye chuma, lakini hutumia ile isiyo na alumini. Yako inapitisha umeme juu ya uso wake, hivyo usimpe fundi hata akikuomba kipande. Kwa hali ilivyo, itakufaa zaidi kufungia zawadi.